Wabunge wa Northampton tangu 1295: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi kuhusu mji mmoja wa Uingereza na watu uliowapeleka bungeni. Mengine nimeyajibu kwa ufupi. Mengine, hasa yale ya Charles Bradlaugh na ya reli yetu ya Mombasa, nimeyaachia nafasi yanayostahili.

Northampton iko wapi, na kwa nini mji huu kati ya yote?

Iko katikati ya England, kaskazini-magharibi mwa London, kando ya Mto Nene, umbali wa zaidi kidogo ya kilomita 100 kutoka mji mkuu. Kwa karne nyingi riziki yake ilikuwa viatu. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1640, mji ulisimama upande wa Bunge dhidi ya mfalme na ukalishonea jeshi la Bunge viatu. Ufalme uliporudi, Charles II hakusahau: mwaka 1662 aliamuru kuta za mji zibomolewe, na ngome sehemu kubwa ikaenda nazo.

Nimeuchagua kwa sababu sijaona mji mwingine wa kiasi hicho wenye wabunge wa ajabu kama hawa. Yumo waziri mkuu aliyeuawa kwa risasi ndani ya Bunge. Yumo mkana Mungu aliyechaguliwa mara tano kabla ya kukubaliwa kukaa kitini bila ubishi. Yumo tajiri aliyeipinga reli ya Uganda, na yumo mfanyakazi wa dukani aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza katika baraza la mawaziri la Uingereza.

Ni mji au jiji?

Mji. Umeomba hadhi ya jiji zaidi ya mara moja na hadi leo haujaipata, ingawa ni mkubwa kuliko majiji kadhaa ya huko.

Ulianza lini kupeleka wawakilishi?

Jimbo la Northampton huhesabiwa kuanzia 1295, Bunge ambalo Edward I aliliita kwa kuwataka wawakilishi wa mikoa na wa miji pamoja. Mji ulipewa viti viwili, na viwili vikabaki hadi 1918. Ukiona basi majina mawili ya wabunge kwa mwaka mmoja usidhani ni kosa la uandishi. Kila mpigakura alikuwa na kura mbili, na wagombea wawili wa juu ndio walioshinda.

Je, ni kweli kodi ya kichwa iliyozusha uasi wa 1381 ilipitishwa hapo?

Ndiyo. Enzi hizo Bunge halikuwa limefungwa London. Lilikutana pale mfalme alipoliita, na Northampton ilipokea vikao kadhaa. Novemba 1380 lilikaa hapo na kupitisha kodi ya kichwa ya shilingi moja kwa wastani wa kila mtu mzima. Mwaka uliofuata wakulima wa Kent na Essex waliingia London wakiwa na silaha. Mtu aliyesikia babu yake akisimulia kodi ya kichwa ya mkoloni hahitaji kuelezwa zaidi ni kitu gani kiliwaudhi.

Zamani nani aliruhusiwa kupiga kura?

Katika miji mingi ya Uingereza kabla ya 1832 kura ilikuwa mikononi mwa wachache: madiwani, au wamiliki wa viwanja fulani. Northampton ilikuwa na uwanja mpana zaidi. Mwanamume yeyote mwenye kaya yake mjini, ambaye hapokei msaada wa maskini, alipiga kura. Idadi yao ilifika kama elfu moja. Kwa karne ya 18 hiyo ilikuwa nyingi, na ndani yake walikuwemo mafundi wa viatu na wachuuzi. Uzuri wake ni kwamba mtu mdogo alikuwa na sauti. Ubaya ni kwamba sauti hiyo ilikuwa na bei, na mabwana wakubwa wa jirani waliijua bei.

Uchaguzi wa 1768 ulikuwaje hata ukapewa jina la uchaguzi wa ubadhirifu?

Mabwana watatu wenye cheo cha Earl, wote wenye majumba karibu na mji, yaani Halifax, Northampton na Spencer, waligombania viti viwili kupitia watu wao. Kura zilipigwa hadharani, kwa kutamka jina la unayemtaka mbele ya watu, kwa hiyo kila glasi iliyonyweka ilifuatiliwa. Watanzania wana neno lake: takrima. Milango ya majumba ilifunguliwa, chakula na mvinyo vikamwagwa kwa wiki nyingi. Husimuliwa kwamba mvinyo wa kawaida wa Halifax ulipokwisha, akawatolea wapigakura mvinyo wake bora wa Ufaransa. Hawakuuzoea, wakauona mchachu, wakahamia kwa mpinzani.

Gharama zilifika makumi ya maelfu ya pauni kwa kila upande. Earl wa Northampton alikwenda kuishi Uswisi na kufia huko. Halifax alifilisika. Mmoja wa walioshinda, Admirali George Rodney, naye alizama katika madeni hadi akakimbilia Paris. Baadaye alirudi kuwa shujaa wa jeshi la majini alipowashinda Wafaransa katika bahari ya Karibi mwaka 1782.

Spencer Perceval alikuwa nani?

Mwanasheria, ndugu wa ukoo wa Earl wa Northampton, aliyeingia bungeni kwa kiti cha mji huu mwaka 1796 na kukishikilia hadi kufa. Alikuwa mcha Mungu, baba wa watoto kumi na wawili waliokua, na mpinzani wa biashara ya utumwa. Akawa Waziri Mkuu mwaka 1809.

Tarehe 11 Mei 1812, jioni, alipokuwa akiingia kwenye ukumbi wa nje wa Bunge la Makabwela, John Bellingham alimkaribia na kumpiga risasi kifuani. Bellingham alikuwa mfanyabiashara aliyewahi kufungwa Urusi, na aliamini serikali yake ilimtelekeza huko. Alikuwa ameandika barua na maombi ya fidia kwa miaka, na kila ofisi ilimwelekeza kwenye ofisi nyingine. Alinyongwa tarehe 18 Mei, wiki moja tu baadaye. Haraka hiyo inanisumbua, maana palikuwa na ushahidi wa kutosha wa kujiuliza kama akili yake ilikuwa timamu. Perceval anabaki kuwa Waziri Mkuu pekee wa Uingereza aliyeuawa akiwa madarakani.

Charles Bradlaugh alifanya nini hadi Bunge likamkataa?

Hakufanya kosa lolote. Alisema wazi kwamba haamini Mungu.

Alizaliwa mwaka 1833 Hoxton, London, mtoto wa karani. Alipita jeshini, akafanya kazi katika ofisi za mawakili na kujifunza sheria kwa macho na masikio, halafu akawa mhadhiri aliyejaza kumbi nchi nzima. Mwaka 1866 alianzisha jumuiya ya National Secular Society. Mwaka 1877 yeye na Annie Besant walishtakiwa kwa kuchapisha kijitabu kilichoeleza njia za kupanga uzazi. Aligombea Northampton mwaka 1868 akashindwa, na mwaka 1874 akashindwa mara mbili. Aprili 1880 akashinda, pamoja na Henry Labouchere.

Mbunge mpya hawezi kukaa wala kupiga kura bila kiapo. Mei 1880 Bradlaugh aliomba atoe ahadi ya dhati badala ya kuapa kwa jina la Mungu, njia ambayo watu wa madhehebu ya Quaker waliruhusiwa kwa sababu dini yao inakataza viapo. Kamati ya Bunge ikasema ruhusa hiyo haimhusu.

Si angeapa tu, yakaisha?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake huwashangaza watu. Alikubali kuapa! Alipokataliwa ahadi, alisema basi ataapa kama wengine, na kiapo kitamfunga kama mwanamume mwenye heshima yake. Lakini aliandika gazetini, bila kuficha, kwamba maneno yanayomtaja Mungu hayana maana kwake. Wapinzani wake wakalichukua tamko hilo na kusema mtu wa namna hiyo haruhusiwi kuapa kabisa. Ahadi wakamnyima, na kiapo wakamnyima. Mtu mnafiki angeingia bila taabu, na ninaamini bungeni siku ile walikuwemo wengi walioapa bila kuamini. Mkweli ndiye aliyefungiwa mlango.

Alifungwa kweli ndani ya mnara wa Big Ben?

Alifungwa. Tarehe 23 Juni 1880 alikataa kuondoka ukumbini, mpambe wa Bunge akaamriwa amkamate, akalala katika chumba cha Mnara wa Saa. Kesho yake aliachiwa. Huhesabiwa kuwa mbunge wa mwisho kufungwa humo.

Julai mwaka huo alikubaliwa kutoa ahadi, lakini kwa hatari yake mwenyewe: mahakama ikiona si halali, atatozwa faini ya pauni 500 kwa kila kura aliyopiga. Alikaa na kupiga kura kwa miezi kadhaa. Mahakama ilipoamua dhidi yake mwaka 1881, kiti kikawa wazi. Ukaitishwa uchaguzi mdogo na Northampton ikamrudisha.

Agosti 1881 alijaribu kuingia, polisi na watumishi wa Bunge wakamburuta ngazini hadi nje, koti likachanika. Februari 1882 alifanya jambo ambalo halikuwahi kuonekana: alitembea hadi mezani, akatoa Agano Jipya mfukoni, akajiapisha mwenyewe mbele ya wabunge waliopigwa na butwaa. Bunge likamfukuza. Northampton ikamrudisha, safari hii kwa pengo lililozidi kidogo kura mia moja. Mwaka 1884 mambo yakajirudia, na mji ukamrudisha tena kwa pengo kubwa zaidi. Katikati yake, mwaka 1883, serikali ya Waziri Mkuu Gladstone ilileta muswada wa kuruhusu ahadi badala ya kiapo. Ulianguka kwa kura tatu.

Baada ya uchaguzi mkuu wa 1885, Spika mpya, Arthur Peel, alimaliza ubishi Januari 1886. Alisema mbunge aliyechaguliwa akija mezani kuapa, si kazi ya Spika wala ya mbunge mwingine kumzuia. Bradlaugh akaapa. Miaka miwili baadaye yeye mwenyewe alipitisha sheria ya viapo ya 1888, iliyompa kila mtu haki ya kutoa ahadi badala ya kiapo. Chaguo kama hilo limo hata katika Katiba ya Kenya ya 2010: anayeshika wadhifa anaweza kuapa au kuthibitisha kwa dhati.

Wapigakura wa Northampton walikuwa wakana Mungu?

Hapana, na hapa ndipo ninapowapenda watu wa mji huu. Wengi wao walikuwa Wakristo, tena wa makanisa madogo yaliyo nje ya kanisa rasmi la Uingereza, wenye bibi na babu waliobaguliwa kwa imani yao. Fundi wa kiatu alifanya kazi nyumbani au katika karakana ndogo. Huko, mikono ikishona, mmoja aliwasomea wenzake gazeti na wengine wakabishana. Tangu 1868 wafanyakazi wengi wa mijini walikuwa na kura, na tangu 1872 kura ilikuwa ya siri, kwa hiyo tajiri hakuweza kuwafuatilia. Walimpenda Bradlaugh kwa msimamo wake juu ya ardhi, mishahara na haki ya kura. Na kila Bunge lilipomtupa nje, suala liligeuka: haikuwa tena dini ya Bradlaugh, ilikuwa kama Northampton ina haki ya kuchagua mtu wake au inachaguliwa mtu na wengine. Kuna waliomchukia kwa imani yake na bado wakampigia kura kwa sababu hiyo.

Gandhi anahusikaje?

Bradlaugh alizungumzia India bungeni mara nyingi hata akaitwa mbunge wa India, na Desemba 1889 alihudhuria mkutano wa chama cha Indian National Congress mjini Bombay. Alifariki tarehe 30 Januari 1891. Siku tatu kabla, Bunge lilikuwa limeamua kufuta katika kumbukumbu zake azimio la 1880 lililomkataa, naye alikuwa mahututi. Miongoni mwa maelfu waliohudhuria maziko yake alikuwemo Mohandas Gandhi, mwanafunzi wa sheria wa miaka 21.

Na Labouchere? Nasikia ndiye aliyeiita reli ya Mombasa reli ya wendawazimu.

Henry Labouchere, mwenzake Bradlaugh katika kiti cha pili, alikuwa mbunge wa Northampton kuanzia 1880 hadi 1906. Alitoka ukoo wa matajiri wa benki, alimiliki gazeti lake la kila wiki, na alijitambulisha kwa utani kama mbunge Mkristo wa Northampton, ili watu wasimchanganye na mwenzake. Lakini alimsimamia mwenzake kwa uaminifu muda wote wa vita vile.

Kwetu Afrika Mashariki anastahili kujulikana zaidi. Mwaka 1893, kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, IBEA, iliposhindwa kuiendesha Uganda na serikali ikitaka kuirithi, Labouchere alipinga bungeni. Alilaumu umwagaji damu wa kampuni hiyo huko Buganda, ambako Kapteni Lugard alikuwa ametumia bunduki ya Maxim mwaka 1892. Alishindwa kwa tofauti kubwa, na mwaka 1894 Uganda ikatangazwa kuwa nchi lindwa ya Waingereza. Mwaka 1896 ukaja muswada wa reli kutoka Mombasa. Mistari ya ushairi inayouliza reli hiyo itagharimu nini, ina lengo gani, na inakwenda wapi, na kumalizia kwa kuiita ya wendawazimu, kwa kawaida huhusishwa naye.

Maswali yake hayakuwa ya kipuuzi. Bunge liliidhinisha pauni milioni 3, na gharama ikapita milioni 5. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na takriban 2,500 walikufa, baadhi wakiliwa na simba wa Tsavo mwaka 1898. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Wakati huo Kisumu ilihesabiwa kuwa Uganda, na mwaka 1902 mpaka ukahamishwa, ikawa upande unaoitwa leo Kenya. Kwa hiyo kwa miaka mingi ile iliyoitwa Reli ya Uganda haikuigusa Uganda.

Tusimpambe kupita kiasi. Sehemu kubwa ya hoja yake ilikuwa mfuko wa mlipakodi wa Kiingereza. Alipinga pia wanawake kupewa kura, kwa ukali.

Ni yeye aliyeandika sheria iliyomfunga Oscar Wilde?

Ndiye. Mwaka 1885, usiku, mjadala ukielekea mwisho, alichomeka kifungu kilichofanya mahusiano ya kimwili ya aina yoyote kati ya wanaume kuwa kosa la kifungo cha hadi miaka miwili. Wilde, mwandishi wa tamthilia, alihukumiwa kwa kifungu hicho mwaka 1895, na mwanahisabati Alan Turing mwaka 1952. Kilianza kulegezwa England mwaka 1967. Miaka michache baadaye, Maureen Colquhoun, aliyechaguliwa Northampton North mwaka 1974, akawa mbunge wa kwanza wa Uingereza kujulikana wazi kuwa anaishi na mwanamke mwenzake. Tawi la chama chake lilijaribu kumwondoa, uongozi wa taifa ukalizuia, lakini alipoteza kiti mwaka 1979.

Mwanamke wa kwanza kuwakilisha mji alikuwa nani?

Margaret Bondfield, wa chama cha Labour, Desemba 1923. Alianza kazi ya dukani akiwa na miaka 14, enzi ambazo wauzaji walilazwa katika mabweni ya mwajiri na kukatwa mshahara kwa kila kosa dogo. Akaingia chama cha wafanyakazi na kupanda hadi kuwa mwenyekiti wa baraza kuu la TUC, muungano wa vyama vya wafanyakazi vya Uingereza, mwanamke wa kwanza katika nafasi hiyo. Northampton ilimpoteza haraka: alishindwa Oktoba 1924, akarudi bungeni kupitia Wallsend mwaka 1926. Mwaka 1929 akateuliwa Waziri wa Kazi, na hivyo mwanamke wa kwanza katika baraza la mawaziri. Bahati mbaya wizara yake iliangukiwa na wimbi la ukosefu wa ajira, na sheria ya 1931 aliyoisimamia iliwanyima wanawake wengi walioolewa posho ya wasio na kazi. Watu wa chama chake hawakumsamehe.

Baada yake?

Kiti, sasa kimoja, kilibadilishana mikono kati ya Conservative na Labour. Cecil Malone, aliyeshinda uchaguzi mdogo wa 1928 kwa tiketi ya Labour, alikuwa amewahi kuwa mbunge wa kwanza mkomunisti wa Uingereza akiwa na kiti kingine. Aliyekaa muda mrefu ni Reginald Paget wa Labour, 1945 hadi 1974, wakili aliyemtetea jemadari wa Ujerumani Manstein mwaka 1949 bila malipo, na aliyejaribu Januari 1953 kulifanya Bunge lijadili kunyongwa kwa kijana Derek Bentley kabla hakujatokea. Spika alikataa. Bentley alinyongwa, na hukumu yake ikafutwa mwaka 1998.

Leo nani anawakilisha Northampton?

Tangu Februari 1974 mji una majimbo mawili, North na South, na baadhi ya viunga vyake viko katika majimbo ya jirani. Northampton North huenda na upepo: kwa miongo mingi aliyeshika jimbo hilo ndiye aliyeshika serikali. Katika uchaguzi wa 2024 yote mawili yalichukuliwa na Labour, Lucy Rigby kaskazini na Mike Reader kusini.

Nikitembelea mji, nitaona nini cha historia hii?

Sanamu ya marumaru ya Perceval, kazi ya mchongaji Francis Chantrey, imo ndani ya Guildhall, jengo la halmashauri ya mji. Bradlaugh hahitaji kufunguliwa mlango. Yuko Abington Square tangu 1894, amesimama juu ya msingi wake katikati ya magari, mkono mmoja mbele, kidole kikielekeza. Kidole hicho kimevunjika mara nyingi, na kila mara mji umemrudishia kingine.